Simba kapanda mti mnasema AI, twiga kawekwa ndani ya Kreta ya Ngorongoro mnasema "Mungu fundi"

Wakuu, nina hasira na leo sitazimeza.

Mimi ni dereva na mwongoza watalii, kazi zangu ni ukanda huu wa kaskazini. Juzi niliweka kwenye kundi moja kubwa la utalii picha ya simba jike watatu wamelala juu ya mgunga, Manyara, mvua imetoka kukatika na jua la jioni linawapiga ubavuni. Haukupita muda, maoni yakajaa "AI hiyo", yaani picha imetengenezwa na kompyuta, na "acha kutudanganya". Mmoja, Mtanzania mwenzangu kabisa, akafunga hukumu: "Simba hapandi miti, huyo ni chui." Usiku msimamizi akaifuta. Hakuniuliza nimepigia wapi, saa ngapi, kwa kamera gani.

Manyara inajulikana dunia nzima kwa simba wanaopanda miti! Watu wanakata tiketi Ulaya kuja kuwatazama. Halafu mtu aliyezaliwa nchi hii anamwita mwenzake tapeli kwa sababu yeye hajawahi kusikia.

Kundi hilohilo, siku hizohizo, kuna picha ya "Ngorongoro leo asubuhi" imesambazwa mpaka imechosha. Chui na mtoto wake wamesimama kwenye nyasi za kreta, twiga wawili nyuma yao, na nyuma ya twiga Mlima Kilimanjaro umejaa mbingu nzima. Watu wanaandika "Mungu fundi" na "Tanzania nakupenda". Hivi mmeitazama kweli? Chini kwenye kreta hakuna twiga. Hilo anayeanza kazi ya kuongoza wageni anaambiwa wiki ya kwanza. Kilimanjaro hauwezi kuonekana umesimama vile ukiwa ndani ya kreta. Na huyo "chui" ana madoa meusi yaliyojaa, yaani ngozi ya duma, wakati madoa ya chui yamekaa duara duara na katikati yana uwazi. Twiga nao ni wale wa Samburu, kaskazini mwa Kenya, madoa makubwa yenye kingo zilizonyooka na mistari myeupe kati yake. Twiga wetu wa huku madoa yake yamechanikachanika kingoni. Picha moja, makosa manne, na hakuna hata moja linalohitaji kompyuta kulijua.

Hapo ndipo ugomvi wangu na nyinyi ulipo. Mmejifunza kuhesabu vidole na kutazama kama mwanga "umezidi uzuri", lakini mnyama mwenyewe hamumjui. Anayetaka kuhukumu picha ya pundamilia atazame mistari ya kulia na ya kushoto. Pundamilia halisi haifanani pande zote mbili kama nguo iliyokunjwa ikapigwa chapa. Atazame mbuni, vidole viwili kila mguu. Atazame ncha ya mkonga wa tembo wa Afrika, ina vidole viwili, wa Asia ana kimoja. Simba, tazama vidoa vya pale masharubu yanapoota. Watafiti huvitumia kumtofautisha simba mmoja na mwingine, kwa hiyo ukiwa na picha mbili za simba yuleyule, upande uleule wa uso, vidoa vitafanana. Vya kutengenezwa hubadilika kila picha.

Na msiniletee hizo programu za kupima AI. Mtu kachukua picha yangu kutoka WhatsApp, imeshabanwa, taarifa zote za kamera zimeondolewa, akaipiga skrini shoti tena, ndipo akaipitisha kwenye programu. Ikamwambia "huenda ni AI" na yeye akaja na jibu hilo kama hati ya mahakama.

Kigezo cha "haiwezekani" ndicho kibovu kuliko vyote, maana porini yanatokea mambo. Mwaka 2015 Tarangire alionekana mtoto wa twiga mweupe, waongozaji wakamwita Omo, jina la sabuni. Mwaka 2019 Masai Mara alionekana mtoto wa pundamilia mwenye vidoa badala ya mistari, akaitwa Tira, jina la mwongozaji aliyemwona. Na Julai 2017, eneo la Ndutu, mgeni alipiga picha simba jike akimnyonyesha mtoto wa chui. Picha ile leo mngeifuta kabla ya chai! Ilikubalika kwa sababu mahali na wakati vilijulikana, na simba mwenyewe, Nosikitok, alikuwa na kola shingoni na watafiti walikuwa wakimfuatilia.

Uongo nao hukamatwa na wanaojua wanyama. Mwaka 2018 shindano la Wildlife Photographer of the Year lilimnyang'anya mpiga picha Marcio Cabral ushindi wa picha ya mnyama mla mchwa wa Brazil. Wataalamu walilinganisha manyoya na mkao wa mnyama wa kwenye picha na wa yule aliyekaushwa, aliyekuwa akionyeshwa kwenye lango la hifadhi, wakaona ni huyohuyo. Kinyume chake nacho hutokea: miaka sita baadaye mpiga picha Miles Astray akapeleka picha halisi ya ndege heroe, ameinamisha kichwa hadi hakionekani, kwenye kipengele cha picha za AI cha shindano jingine. Ikashika nafasi ya tatu, na kura za watu ikashinda, mpaka alipojitokeza kusema aliipiga kwa kamera. Majaji wazima hao.

Kilichonitoa kwenye uvumilivu lakini si picha yangu. Kijana mmoja tunayefanya naye kazi aliweka picha ya twiga mwenye waya wa mtego mguuni, akitaja eneo, akiomba mwenye namba ya askari wa karibu amsaidie kwa kuwa simu zake hazikupokelewa. Majibu aliyopata ni ubishi wa AI kuanzia juu hadi chini. Wengine wanamwambia anatafuta wafuasi. Mnyama anakatika mguu, watu wanajadili vivuli. Huko ndiko mlikotufikisha.

Nyinyi mnaosimamia makundi na kurasa za utalii, kabla hujafuta picha ya mtu muulize vitu vitatu: faili ghafi kutoka kwenye kamera, picha za kabla na baada ya hiyo, na mahali aliposimama. Mpiga picha wa kweli hana picha moja ya tukio, ana mfululizo, nyingine zimetoka na ukungu, nyingine mnyama kageuka. Mtengenezaji hana hizo. Na mkishaomba, ombeni zitumwe kama dokumenti, siyo kama picha, ili taarifa zisifutwe njiani.

Za simba wangu ninazo zote. Msimamizi uliyeifuta, inbox yangu iko wazi.