Kambi za darasa la saba: zinasaidia au zinamchosha mtoto bure?

Baba Mapacha
Wadau, hapa Tanzania mtihani wa kumaliza elimu ya msingi ni Septemba, siku mbili, karatasi sita. Shule nyingi huwaweka darasa la saba kambini wiki kadhaa kabla, na mzazi anachangia chakula na karatasi za moku, yaani mitihani ya majaribio. Kila somo lina alama 50, jumla 300. Akifikisha 121 ana C, kafaulu. Kwa C hiyo, kuna haja gani ya mtoto kulala shuleni?

Chaki Mkononi
Inategemea kambini wanafanya nini. Moku asubuhi, moku jioni, hakuna anayerudi kwenye swali alilokosa: hiyo ni hasara. Akifanya karatasi ishirini bila masahihisho, anakomaza kosa lilelile mara ishirini. Kambi ya maana ni moku moja, kesho yake kutwa ni masahihisho. Na afanyie kwenye nakala ya fomu ya OMR, ile ya majibu inayosomwa na mashine, si kwenye daftari. Swali la 1 hadi 40 anaweka kivuli kwa penseli ya HB, la 41 hadi 45 anaandika kwa kalamu ya bluu au nyeusi.
Ila tusijifariji na 121. C ya kayumba, yaani shule ya serikali inayofundisha kwa Kiswahili, si C ya English medium.

Mama Nasra
Ulikuwa unakwenda vizuri mpaka hapo mwisho. Karatasi ya Hisabati ni ileile, imetafsiriwa tu. Fomu ni ileile, msahihishaji ni yuleyule. Hiyo C ya pili inatengenezewa wapi?

Chaki Mkononi
Mama Nasra, piga hesabu. English ni somo moja kati ya sita. Mtoto anaweza kupata sifuri kwenye English na bado akabaki na alama 250 za kugombania. Akipata 181 katika hizo, ana B. Januari anaingia kidato cha kwanza, Bayolojia kwa Kiingereza, Jiografia kwa Kiingereza. Huyo wa English medium ameshasoma hivyo miaka saba. Ndiyo tofauti ninayoisema.

Mama Nasra
Basi sema tatizo ni lugha ya sekondari, usimdharau mtoto aliyepata C yake kwa haki. Hao watoto wamekaa darasani wengi kupita kiasi, kitabu kimoja wanashikilia watatu, na wamefaulu. Neno "kayumba" lenyewe ni la kuwashusha.

Mtaa wa Pili
Mama Nasra yuko sahihi. Na kama lugha ya sekondari ingekuwa Kiswahili, hoja yako yote ingeanguka, Mwalimu.

Chaki Mkononi
Ingeanguka. Lakini mtoto wa mwaka huu anaingia kwenye sekondari iliyopo, si tunayoitamani. Mimi namtetea yeye.

Baba Mapacha
Jamani, niliuliza kambi.

Kalamu ya Bluu
Nimjibu Baba Mapacha. Alama nyingi hupotea kwenye fomu, na hilo halihitaji kambi, linahitaji Jumamosi mbili nyumbani. Tazama hapa: mtoto karuka swali la 17, kisha jibu la 18 kaliweka kwenye mstari wa 17. Kuanzia hapo majibu 23 yote yamesogea. Anayajua, lakini mashine inasoma kivuli, haisomi nia. Mzoeshe kila baada ya maswali matano alinganishe namba ya swali na namba ya mstari. Akibadili jibu, afute la kwanza liishe kabisa, maana vivuli viwili kwenye mstari mmoja ni jibu lililokufa. Fomu isikunjwe wala kuloa jasho. Na asiache mstari mtupu: jibu baya halikatwi alama. Yale matano ya mwisho yana alama mbili mbili, kwa hiyo asiyafikie amechoka.

Mtaa wa Pili
Mbona nasikia mtihani wenyewe unafutwa? Kambi za nini sasa?

Kalamu ya Bluu
Unachanganya. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeweka elimu ya msingi miaka sita na elimu ya lazima miaka kumi. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu. Wale wa la tatu wanamaliza la sita mwaka 2027, pamoja na la saba la mwisho. Aliye darasa la saba kabla ya hapo anafanya mtihani kama kawaida.

Mama Nasra
Na 121 si mwisho wa safari. Shule za vipaji maalumu, Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Kilakala, Msalato, zinachukua wenye alama za juu, wakiwemo hao mnaowaita kayumba.

Chaki Mkononi
Neno nimelifuta, Mama. Hoja ya Kiingereza siifuti.

Baba Mapacha
Mtoto aliyehamia shule nyingine darasa la sita, usajili wake ukoje?

Kalamu ya Bluu
Uhamisho lazima ufanyike pia kwenye PREM, mfumo wa kompyuta wa Baraza la Mitihani unaotunza kumbukumbu za wanafunzi. Barua peke yake haitoshi. Bila hivyo, namba yake inabaki shule ya zamani. Nenda kwa mwalimu mkuu kabla usajili haujafungwa, umwombe akuonyeshe jina kwenye orodha, na ulilinganishe na cheti cha kuzaliwa herufi kwa herufi.