Liwali na akida, naombeni ushauri kabla sijachapisha historia ya ukoo

Habari zenu wakuu, naandika kitabu kidogo cha ukoo wetu wa Kilwa sasa tumekwama kwenye cheo cha babu mkuu, mjomba anasema alikuwa liwali, shangazi anakomaa kwamba alikuwa akida tu wakati wa Mjerumani. Mi najua liwali imetoka kwenye Kiarabu al-wali, yaani mtawala (hata wilaya ni mzizi huohuo, na Oman hadi leo mkuu wa wilaya anaitwa wali), na masultani wa Zanzibar ndo waliokuwa wanaweka maliwali miji ya pwani, Mombasa, Lamu, Kilwa huko. Mjerumani alipokuja akaviacha vyeo vilevile, liwali juu mjini, akida chini yake anasimamia majumbe (wakuu wa vijiji) na kukusanya kodi, ndo maana maakida walichukiwa sana hadi Majimaji 1905 ikawakuta. Nahisi mjomba anapenda tu jina kubwa hahaha. Sasa wanaojua, nikatafute wapi kumbukumbu za majina, nyaraka za Taifa Dar au za Zanzibar? Na kwa sasa niandike cheo gani bila kuvunja undugu?