Mafia mwezi wa 12 na mama mkwe asiyeogelea, safari zipi za siku moja tuchukue?

baba_wa_igoma
Wakuu habari za jioni. Mwezi wa 12 shule zikifunga nataka kuipeleka familia kisiwani Mafia, mimi, mke wangu, binti yetu yuko form two na mama mkwe ambaye umri umeenda na hajawahi kuiona bahari, sisi ni watu wa Mwanza tumezoea ziwa. Tutakaa kijiji cha Utende kama wiki hivi. Naona hoteli na vijana wa boti wanatangaza tripu za kutwa na muongozaji, kuna ya kuogelea na potwe (yule papa mkubwa mwenye madoa), ya kisiwa cha Chole, ya fungu la mchanga, magofu ya kisiwa cha Juani, kisiwa cha Jibondo na kuzamia. Zote siziwezi kwa bajeti na sitaki tukimbizane mpaka likizo iwe kazi. Binti yeye ni potwe tu ndo habari yake. Mama haogelei kabisa na magoti yanamsumbua ila macho na masikio yako vizuri sana, anapenda hadithi. Sasa zipi ni za kweli kwenda, zipi mama anaziweza na zipangwe vipi? Hoteli wananiambia nilipie pakeji yote mapema.

mkilindoni_halisi
Karibu sana kwetu ndugu yangu. La kwanza, usilipie pakeji ukiwa Mwanza. Huku safari inapangwa na maji. Ziwani kwenu maji yako pale pale asubuhi na jioni, huku wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3 na ghuba ya Chole ikipwa boti zinalala mchangani, kwahiyo hoteli ikikuandikia "Jumanne Juani saa tatu" bila kuangalia mwezi ujue mtasubiri pwani na jua lile na mama wa watu.

Nikueleze ilivyo. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ndio bamvua, maji yanakauka kwenye saa nne asubuhi na yanajaa kwenye saa kumi jioni. Mwezi ukiwa nusu ndio maji mafu, yaani yanapanda na kushuka kidogo, hapo inageuka, yanajaa asubuhi na kupwa jioni, na kila siku inasogea mbele karibu saa moja. Sasa lile fungu la mchanga, la Marimbani, linataka maji yaliyopwa, yakijaa unakuta bahari tupu. Magofu ya Kua, ndiyo hayo ya Juani, yanataka maji yamejaa ili boti isogee karibu. Ukilijua hilo wiki yote inajipanga yenyewe. Muongozaji mzuri utamjua hapo hapo, kabla hajataja bei anakuuliza mnakuja tarehe ngapi halafu anahesabu mwezi kwa vidole.

Potwe haiko upande wenu wa Utende, iko magharibi huku mjini Kilindoni, mtakuja kwa gari asubuhi mapema. Msimu ni kuanzia mwezi wa 10 mpaka wa 2 au 3 hivi, mwezi wa 12 mko katikati kabisa. Wanafuata uduvi na dagaa karibu na pwani, nahodha anawauliza wavuvi wa nyavu wamewaona wapi. Na mama mchukueni! Akae kwenye boti na kofia yake, samaki yule anakula juu juu ya maji, akipita ubavuni mwa boti unamwona madoa yote mgongoni bila kulowa hata kidole.

mama_wawili_tabata
Mimi nilimpeleka mama yangu mzazi, naye magoti, kwahiyo naongea nilichokiona. Chole ndio siku ya mama. Kutoka Utende unavuka kwa boti muda mfupi tu, kisiwa hakina magari, ni njia za mchanga chini ya miembe na mibuyu, mnatembea polepole mnakaa mnatembea tena. Muongozaji mchukueni wa Chole mwenyewe, aliyezaliwa pale, maana ndio anajua huyu ni nani na ile nyumba ilikuwa ya nani. Chole ilikuwa mji mkubwa wakati wa Waarabu, Wajerumani nao wakaweka serikali yao pale kabla ya kuhamia Kilindoni, na sasa mizizi ya miti imekumbatia kuta za zamani mpaka hujui mti unashikilia ukuta au ukuta unashikilia mti, lipo mpaka gofu la hekalu la Wahindi.

Halafu popo! Mchana wananing'inia kwenye miti mikubwa, ni wakubwa wale wanaokula matunda, jua likizama wanaondoka kundi zima kuvuka bahari kwenda kutafuta chakula. Mama yangu aligoma kuondoka mpaka wa mwisho apite. Kwahiyo nendeni mchana jua likipungua, msiende asubuhi, na mkubaliane na nahodha mapema kwamba mtarudi giza likiingia, bei iwe hiyo hiyo. Bebeni kanga na mabega yafunikwe, ni vijiji vya Waislamu, na ukiamkia wazee kwa heshima watu wanakufungulia mazungumzo mpaka unasahau saa.

baba_wa_igoma
Asanteni sana jamani, hili la mwezi na maji hakuna hata mmoja wa hoteli aliyenitajia. Naomba kuuliza, potwe si hatari kwa mtoto? Mke wangu akisikia neno papa anakosa raha. Na hiyo Juani inafaa au ni mawe tu?

pwani_yetu
Nijibu la potwe maana ni kitu nakipenda mno. Ni papa kwa ukoo lakini hana habari na mtu, anachuja uduvi na visamaki vidogo kwa mdomo uliofunguka. Wengi wanaoonekana Mafia ni madume ambayo bado hayajakomaa, na hata hivyo wengine wanafika mita 7 au 8. Madoa yake hayafanani na ya mwingine kwahiyo watafiti wanawatambua mmoja mmoja kwa picha, na walipowafungia vifaa vya kuwafuatilia wakakuta wengi hawahami hata msimu ukiisha, wanasogea tu maji ya mbali na kina. Ndio maana naumia sana nikiona boti inamkatia njia. Huyu tunayemsumbua leo ni mkazi, kesho anarudi hapo hapo, mwakani pia.

Kwahiyo chagueni nahodha kwa hili. Muulize boti yake inakaribia vipi. Anayejua atakwambia anakuja taratibu kwa ubavu, anazima injini au kuipunguza nguvu, mnaingia majini kimyakimya bila kurukaruka, mnakaa mita 3 hivi kutoka mwilini na mbali zaidi na mkia kwa sababu mkia una nguvu, hakuna kumshika, hakuna flashi. Anayekuahidi utamgusa, muache. Na kama boti nyingi zimeshamzunguka samaki mmoja waambieni msubiri au mtafute mwingine, mteja akisema hivyo nahodha anasikia kuliko sisi tukisema. Binti avae laifu jaketi hata kama anaogelea vizuri, bahari ina mkondo.

mshairi_wa_kibiti
Juani "mawe tu"? Ndugu yangu, kwa mama anayependa hadithi hiyo ndio siku yenyewe! Kua ulikuwa mji wa watu, una misikiti, una jumba la mfalme, makaburi, na vichaka vimeingia ndani. Wasakalava wa Madagaska waliuvamia miaka ya mwanzo ya 1800, wakaua na kuchukua watu mateka, mji haukuinuka tena.

Ila mwombeni muongozaji awasimulie ile ya Kua na Kisimani. Inasimuliwa kwamba watu wa Kisimani, mji mwingine wa kale huko magharibi ambao bahari imeshaula, waliunda jahazi kubwa wakawaalika watu wa Kua kwenye sherehe ya kulishusha majini, na katikati ya ngoma wakawakamata watoto wa wageni wao wakawalaza mchangani, chombo kikapitishwa juu yao. Watu wa Kua hawakusema kitu. Wakanyamaza miaka, saba au nane, mpaka Kisimani wakadhani yameisha. Ndipo wakawaalika wakubwa wa Kisimani harusini, chumba cha chini ya jumba, usiku, vyakula na nyimbo, na wenyeji wakawa wanatoka mmoja mmoja hadi akabaki mzee mmoja akiwatumbuiza wageni huku wenzake wakiujenga mlango kwa mawe. Mzee alikubali kubaki. Simulieni pale pale mbele ya gofu, binti yenu hatagusa simu.

Kwa magoti, waambieni mnataka Kua peke yake. Ipo safari nyingine ya Juani ya kukatiza kisiwa kwa miguu kwenda kuona watoto wa kasa wakitoka, hiyo ni ndefu na msimu wake ni katikati ya mwaka hasa wakati wa upepo wa kusi, mwezi wa 12 msiilipie.

mkilindoni_halisi
Umesema vyema. Kwa bajeti yako mimi ningechukua potwe, Chole, na Kua, na Marimbani kama pesa imebaki, binti anasnokeli mama anakaa chini ya tanga. Jibondo kwa mafundi wa majahazi ni pazuri sana ila ni mbali kidogo na jua kali, iacheni kama mama amechoka. Potwe iwekeni siku za mwanzo, ili upepo ukikataa mpate siku nyingine. Na katikati wekeni siku tupu.

Utende iko ndani ya hifadhi ya bahari, kuna geti mnalipa kwa siku, raia bei iko chini sana kuliko mgeni kwahiyo watu wazima wabebe kitambulisho cha NIDA, na mdai risiti. Pesa toeni Kilindoni mkishuka. Kuja, ndege kutoka Dar ni nusu saa hivi, feri ya Nyamisati ni nafuu ila ni masaa, kwa mama ningepandisha ndege.

baba_wa_igoma
Mungu awabariki. Tunafikiria kuingia tarehe 14 au 21, nitaangalia kwanza mwezi unaandama lini ndo nikate tiketi. Binti hajawahi kuvaa mask na lile bomba la kupumulia, inamsumbua?

pwani_yetu
Itamsumbua siku ya kwanza. Azoee kwenye bwawa la hoteli hapo Mwanza kabla hamjaja, avute hewa kwa mdomo uso ukiwa majini mpaka asiwe na haraka, na mask iwe inamkaa usoni bila kamba, akivuta kwa pua ibaki imeng'ang'ania. Za kuazima kwenye boti nyingi ni za watu wazima na zinavujisha, mnunulie yake.