Naombeni msaada: nataka skripti ya kuzima na kuwasha waifai ya laptopu

Mwenye Steshenari

Habari za kazi wakuu. Nina steshenari ndogo hapa Morogoro. Kazi kubwa ni kuchapa, kutoa kopi na kuwajazia vijana maombi ya vyuo na mikopo mtandaoni. Natumia laptopu ya Windows 10. Ikikaa kidogo bila kuguswa, nikirudi nakuta waifai imekata, wakati simu yangu iko kwenye ruta ileile na inapiga kazi vizuri tu.

Dawa yake naijua: naingia "Network Connections", nabofya kulia kwenye Wi-Fi, nachagua "Disable", nasubiri kidogo, kisha "Enable". Inarudi. Lakini mteja amesimama kaunta, fomu iko katikati, na nyuma yake kuna foleni. Nimesikia mtu anaweza kuandika skripti ikafanya yote hayo kwa kubofya mara mbili. Sijawahi kuandika kodi. Naombeni mnielekeze tangu mwanzo, na kila mstari mnieleze kazi yake, maana nataka kuelewa, sitaki kunakili tu.

Fundi wa Kona

Karibu mkuu. Hiyo ni skripti nzuri sana ya kuanzia kwa sababu kila mstari unauona unavyofanya kazi kwa macho yako. Fungua Notepad, andika hivi:

```
@echo off
netsh interface set interface name="Wi-Fi" admin=disabled
timeout /t 5 /nobreak >nul
netsh interface set interface name="Wi-Fi" admin=enabled
```

Mstari wa kwanza unazuia amri zisijiandike ovyo kwenye skrini. Wa pili ndio ile "Disable" yako. Wa tatu unasubiri sekunde 5, usiuondoe, kadi (kifaa cha waifai ndani ya laptopu) inahitaji muda wa kuzima kabisa. Wa nne unawasha.

Kabla ya hapo fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) uandike `netsh interface show interface`. Angalia jina la kadi yako mwisho wa mstari. Kwa wengine ni "Wi-Fi 2" au "Wireless Network Connection", na jina lisipofanana herufi kwa herufi amri inakataa.

Wakati wa kuhifadhi, pale "Save as type" chagua "All Files", kisha andika jina `waifai.bat`. Usipochagua hivyo, Notepad itakuwekea `waifai.bat.txt`, na ukibofya litafunguka kama barua badala ya kufanya kazi. Ukimaliza, bofya kulia kwenye faili, "Run as administrator". Bila ruhusa ya msimamizi, Windows haikubali kugusa kadi.

Mdau wa Ubuntu

Kwa wanaotumia Ubuntu badala ya Windows, mstari mmoja unatosha:

`nmcli radio wifi off; sleep 5; nmcli radio wifi on`

Bi Mtandao

Fundi ameeleza vizuri, ila mimi naomba tumsaidie mwenzetu hatua moja mbele. Skripti hiyo inazima waifai hata kama waifai haina kosa. Bando likiisha, au kampuni ya intaneti ikiwa na hitilafu huko kwake, utaizima na kuiwasha kadi mpaka jioni na hutapata kitu. Kwanza tujue kilichokatika ni kipi: ni njia kati ya laptopu na ruta, au kati ya ruta na dunia?

Andika `ipconfig`, tafuta "Default Gateway" kwenye sehemu ya Wi-Fi. Hiyo ndiyo anwani ya ruta yako, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Halafu, chini ya `@echo off`, ongeza mistari hii miwili:

```
ping -n 3 192.168.1.1 | find "TTL=" >nul
if not errorlevel 1 exit /b
```

Maana yake: mwite ruta mara 3. Akiitika, skripti inaishia hapo, kadi haiguswi, nawe unajua tatizo ni bando au kampuni. Asipoitika, inaendelea kuzima na kuwasha.

Hapo kwenye `find "TTL="` naomba tukae kidogo, kwa sababu wengi wanapaacha. Ping ya Windows ikipata jibu la "Destination host unreachable" inahesabu kwamba imejibiwa, kumbe aliyejibu ni laptopu yenyewe. Skripti itaamini mambo ni shwari wakati ruta haipatikani. Jibu la kweli la ruta ndilo lenye neno TTL, ndiyo maana tunalitafuta hilo.

Angalizo: ukihamia hotspoti ya simu, anwani inabadilika, kwa hiyo ubadilishe na kwenye skripti.

Kijana wa Helpdesk

Wakuu, na chanzo tusikiache. "Ikikaa kidogo bila kuguswa" inanifanya nishuku Windows inaizima kadi ili kubana chaji. Nenda Device Manager, "Network adapters", bofya mara mbili kadi ya waifai, kurasa ya "Power Management", uondoe tiki kwenye "Allow the computer to turn off this device to save power". Baadhi ya laptopu kurasa hiyo haina. Hapo jaribu kuweka draiva (programu inayoendesha kadi) mpya kutoka tovuti ya watengenezaji wa laptopu.

Pia kuna amri `netsh wlan show wlanreport`, nayo inataka ruhusa ya msimamizi. Inakutengenezea ripoti ya siku 3 zilizopita yenye kila saa waifai ilipokata na sababu iliyoandikwa. Inafunguka kwenye brauza.

Na jambo moja nalisema kwa kila anayeanza: skripti yoyote inayotaka ruhusa ya msimamizi, isome mstari kwa mstari kabla ya kuibofya, hata ikitoka kwetu hapa. Laptopu yako inapitisha vyeti na namba za NIDA za watu.

Mwenye Steshenari

Asanteni sana. Kadi yangu inaitwa Wi-Fi tu, na skripti ya Bi Mtandao imekubali. Tiki ya Power Management nimeitoa, naendelea kuangalia kama itakata tena. Maswali mawili: fomu iliyojazwa nusu haipotei? Na inawezekana ijiendeshe yenyewe nikirudi kwenye mashine?

Bi Mtandao

Fomu kwa kawaida inabaki kwenye skrini, ila usiipakie upya kurasa na usibonyeze kutuma mpaka mtandao urudi.

Kujiendesha inawezekana. Fungua Task Scheduler, "Create Task", weka tiki "Run with highest privileges". Kwenye "Triggers" chagua "On workstation unlock", na "Delay task for" weka sekunde 30, ili waifai ipate nafasi ya kujiunga yenyewe kwanza. Kwenye "Actions" elekeza kwenye faili lako. Kisha ingia "Conditions" utoe tiki ya "Start the task only if the computer is on AC power". Tiki hiyo inakuja ikiwa imewekwa tayari, na ukiiacha, skripti haitafanya kazi kila utakapokuwa unatumia betri.