Naomba ushauri: ngozi ya gambusi inalegea masika

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni fundi seremala, na kwa miezi minane sasa nachonga gambusi, ala ya nyuzi iliyopigwa pwani yetu kabla ala ya udi haijatawala. Lamu huiita kibangala, Yemen ni qanbus. Tumbo la udi huungwa kwa vipande vyembamba vya mbao; gambusi huchongwa kwenye gogo moja, tumbo na shingo pamoja, kisha tumbo likawambwa ngozi.

Nimetumia mfenesi, na kuchonga kumekwenda vizuri. Taabu ni ngozi. Niliwamba ya mbuzi kwa gundi ya mbao na misumari midogo. Kiangazi ililia sauti kavu, fupi, tamu kweli, mpaka mama akatoka jikoni kusikiliza. Masika ilipoingia ikalegea: kijiti kinachobeba nyuzi kikadidimia, nyuzi zikalalia shingo na kukwaruza. Nikiianika juani inakaza, lakini haifiki jioni.

Nyuzi ni za nailoni, jozi tatu na mmoja mnene peke yake, kama za Yemen. Je, nazikaza kupita kiasi? Mafundi wa ngoma, mnaiwamba ngozi ikiwa mbichi kiasi gani? Niipake mafuta, au nitaua sauti?

Na kama kuna mwenye gambusi ya babu yake nyumbani, hata iliyovunjika, tafadhali anipimie urefu wa uzi kutoka kichwani hadi kwenye kijiti, na kina cha tumbo. Picha ya upande wa ndani itanisaidia zaidi ya yote.