Tupeane uzoefu: mliopaka rangi nyumba za tofali za kuchoma hapa Dar, zikoje sasa?

BintiKimara
Wakuu, habari za jioni. Naomba tukusanye hapa visa vya watu wenye nyumba za tofali za kuchoma: waliopaka, waliokataa kupaka, na waliokuta mwenzao keshapaka.

Yetu ipo Kimara. Baba aliijenga kwa tofali alizoshusha kwa lori kutoka Morogoro wakati majirani wote wanafyatua za saruji. Hazikupigwa lipu, si nje wala sebuleni. Fundi alizipiga pointi tu, yaani alijaza na kunyoosha maungio kati ya tofali na tofali, na mistari imenyooka mpaka leo. Baba alishatangulia, tumebaki na mama. Ndugu zangu wanataka nyumba yote iwe nyeupe, kwanza kwa sababu ndivyo zilivyo nyumba mpya zote za Goba na Madale, pili kwa sababu sebule ina giza. Hili la giza wana haki, mchana tunawasha taa.

Mimi roho inasita. Wekundu wa tofali lile si wa kupakwa. Ni chuma kilichomo kwenye udongo kilichogeuka rangi ndani ya tanuri, na jua la miaka yote hii halijauondoa. Mama hajawahi kununua hata kopo la rangi kwa ajili ya kuta za nje. Tukipaka leo, kila baada ya miaka michache tutatafuta fundi, ngazi na ndoo.

Kuna jambo lingine. Ukuta wa magharibi, sehemu ya chini, kila masika ikiisha unatoa unga mweupe. Fundi mmoja kasema rangi itaufunika. Wa pili kasema tusiuguse kabisa. Hakuna aliyenieleza kwa nini. Naomba mliyoyaona kwa macho yenu.

KakaTabata
Dada, huo unga mweupe ni chumvi, na mimi nimeishi nao.

Nilinunua nyumba ya tofali za kuchoma ikiwa imepakwa rangi ya krimu, inang'aa, ina harufu ya upya. Muuzaji aliipaka kiangazi. Ilipofika masika, ukuta wa nyuma ukaanza kutoa mapele. Ukilibonyeza pele linapasuka, ndani kuna maji kidogo na unga ule ule unaousema. Rangi ikabanduka vipande vikubwa kama viganja. Nikaleta fundi, akakwangua, akapiga msasa, akapaka upya mikono miwili, yaani safu mbili za rangi. Masika iliyofuata ikawa vile vile, safari hii hadi usawa wa dirisha.

Aliyenitoa kwenye shida hakuwa fundi rangi. Alikuwa mzee mmoja fundi ujenzi aliyezunguka nyumba bila kugusa ukuta, akaangalia chini na juu tu. Chini, udongo wa uani ulikuwa umepanda miaka hadi miaka, umefunika ule mkanda wa kuzuia unyevu unaowekwa juu ya msingi. Kwa hiyo tofali lilikuwa linanyonya maji ya ardhini moja kwa moja. Juu, gata lilikuwa limeoza, maji ya bati yanateremka ukutani. Tukachimba udongo kuzunguka nyumba mpaka mkanda ukaonekana, tukamwaga kokoto, tukabadilisha gata. Ukuta ukaachwa wazi kiangazi kizima ukauke. Ndipo tukapaka tena, na tangu hapo haujatoa pele.

Kwa hiyo kabla hujabishana na ndugu zako kuhusu rangi, nenda kaangalie udongo wa upande wa magharibi umefika wapi.

BintiKimara
Kaka, ahsante sana. Nimetoka kuangalia na tochi. Upande ule mama ana bustani ya maua, na udongo wake umegusa tofali mstari wa tatu.

KakaTabata
Basi chanzo kimeonekana. Mwombe mama kwa upole ahamishe maua.

FundiBrashi_Mbagala
Nipo kwenye kazi ya rangi muda mrefu, naomba nieleze hilo la "kwa nini" maana mafundi wenzangu wengi tunaliruka.

Tofali la kuchoma lina vitundu vidogo sana. Mvua ikipiga, linakunywa; jua likitoka, linatema. Maji yanapotoka yanabeba chumvi iliyokuwa kwenye udongo, kwenye mchanga wa ujenzi au ardhini, halafu maji yanayeyuka hewani na chumvi inabaki usoni. Hilo halina madhara makubwa ukuta ukiwa wazi. Ukiweka rangi nzito inayofanya ngozi, hasa ya mafuta, maji yanakosa njia. Yanasukuma ngozi, na chumvi inaganda nyuma ya rangi au ndani ya tofali lenyewe na kulimega. Tofali lililoiva vizuri huvumilia. Lile lililokaa pembeni ya tanuri, halikuiva, linageuka unga. Ligonge kwa sarafu: lililoiva linalia kama chuma, bichi linatoa mlio mzito.

Mteja akiniita kwenye nyumba ya tofali wazi, nafanya hivi. Nabandika kipande cha nailoni ukutani kwa utepe wa gundi wa karatasi, pande zote nne, nakiacha hadi kesho yake. Nikikuta matone upande wa ndani, unyevu unatoka ukutani na sipaki, hata mteja akikasirika. Chumvi naisugua kwa brashi kavu na kuifagia iende mbali. Usiimwagie maji, maana inayeyuka na kurudi ndani. Pointi mpya za saruji nazipa wiki nne kabla ya rangi. Na msimu wangu ni Juni mpaka Septemba. Anayekuambia upake tofali Aprili hapa Dar anataka hela yako ya haraka.

Bajeti nayo. Ukuta laini wa lipu, lita moja hufika karibu mita 10 za mraba kwa mkono mmoja. Tofali lina mabonde na linakunywa, kwa hiyo usipige hesabu hiyo. Mkono wa kwanza peke yake utakushangaza. Na rola fupi haifiki ndani ya pointi, lazima brashi.

MamaWawili_Kigamboni
Mimi nilipaka na sijutii hata kidogo, nisije nikaonekana nimekuja kupinga.

Ukuta wetu ni wa ndani, kati ya sebule na chumba cha watoto. Haupigwi na mvua, hauko karibu na bomba, ni mkavu. Ulikuwa mwekundu wa kahawia na dirisha la sebule ni dogo, chumba kilikuwa kizito hata saa sita mchana. Fundi wangu aliichanganya rangi nyeupe ya maji ikawa nyepesi sana, akapaka kwa brashi na kufuta kwa kitambaa hapo hapo. Tofali bado linaonekana kwa chini, huku limeng'aa, huku limebaki na wekundu wake. Mwanga wa dirisha sasa unafika mpaka kwenye kochi la mwisho. Watoto wameuchafua, nimefuta, maisha yanaendelea.

Nje sikugusa. Tupo karibu na bahari, upepo wa chumvi unakula mageti ya chuma, sembuse rangi.

MkaziMbezi
Jirani zetu walikataa rangi, wakapaka vanishi ya mbao ili tofali "ling'ae". Miezi ya mwanzo ilipendeza. Jua likaigeuza njano, kisha ikaanza kutoka magamba, na nyuma yake kumeota fangasi weusi. Kwangu mimi hiyo ni mbaya kuliko rangi, maana ni ngozi ile ile ya kuzuia maji na haina hata uzuri wa rangi.

FundiBrashi_Mbagala
Kweli mkuu. Kama mtu anataka kinga tu, aulize ile dawa ya silikoni inayozama ndani ya tofali bila kuacha ngozi juu. Na aiweke kwenye ukuta mkavu tu.

BabuUpanga
Wajukuu, nimesoma yote. Nilifanya kazi za ukarabati Zanzibar, Mji Mkongwe, kwenye nyumba za mawe ya matumbawe. Si tofali, lakini ugonjwa ni mmoja.

Nyumba zile zilijengwa kwa chokaa na kupakwa chokaa. Chokaa inakauka kwa kuvuta hewa ya ukaa, na ikishakauka bado inaruhusu ukuta kupumua. Maji ya masika yanaingia na kutoka bila kuleta ugomvi. Wakaja watu na saruji, wakapiga lipu ngumu juu ya ukuta laini, wakamalizia kwa rangi ya mafuta ili ukuta uoshwe kwa sabuni. Nimebandua lipu za namna hiyo kwa tindo. Nyuma yake jiwe limelowa, limelegea, unalichota kwa mkono. Boriti za mikoko zilizoingia kwenye ukuta ule zilikuwa zimeoza ncha. Hakuna aliyekusudia kuibomoa nyumba, ila ndivyo ilivyobomoka, polepole, nyuma ya rangi nzuri.

Ndiyo maana kwa tofali la kuchoma nasema, ukitaka weupe, tafuta weupe wa chokaa. Haufanyi ngozi. Ukichoka nao, sehemu kubwa inasuguka na kutoka, ila si yote.

BintiKimara
Shikamoo babu. Nimeyapokea kwa mikono miwili. Je, mvua haitaiosha?

BabuUpanga
Marahaba mwanangu. Nje itapauka na utarudia, ila kurudia chokaa ni kazi ya asubuhi moja na ndoo, hakuna kukwangua. Ndani itakaa.

MchoraRamani
Naongezea kwa alichosema babu. Kuna rangi za silikati, zinashikana na tofali lenyewe badala ya kukaa juu yake, na zinapitisha mvuke. Ni teknolojia ya zamani: Adolf Wilhelm Keim alipata hataza yake Ujerumani mwaka 1878. Bei yake iko juu na haikubali kupakwa juu ya rangi ya zamani ya plastiki, kwa hiyo ni kwa ukuta ambao haujawahi kuguswa, kama wa dada hapo. Fikirieni pia joto. Ukuta mweupe unarudisha jua zaidi kuliko mwekundu. Lakini kama ukuta wa magharibi ndio unaowaka, upenu mrefu au mti utasaidia kuliko ndoo yoyote ya rangi.

MsambaaWaDar
Hapa Dar hatuna haja ya kuota moto, ila nyumba ya ukoo wetu ipo Lushoto, na mwezi wa saba kule baridi inauma. Sebuleni kuna meko ya kuotea moto ya tofali, na dohani yake imepanda hadi juu ya bati. Binamu yangu aliamua kuyapaka meupe kabla ya harusi.

Alipaka juu ya masizi bila kuosha. Baada ya moto wa kwanza, madoa ya kahawia yakajitokeza katikati ya weupe. Akarudia, yakatoka tena. Mbaya zaidi alipaka hadi ndani, pale kuni zinapokaa. Rangi ikababuka, ikajaza chumba harufu kali, wageni wakafungua madirisha kwenye baridi ile.

Mwaka uliofuata tulifanya kwa utaratibu. Ndani tulikwangua yote, tukaacha tofali tupu, kwa sababu rangi ya kawaida haina kazi palipo na miali. Nje ya meko tuliosha kwa maji ya moto, sabuni na brashi ngumu, mara kadhaa, mpaka maji yakatoka masafi. Meko yakakauka. Ikafuata praima, yaani rangi ya kutangulia, ya kuzuia madoa, ndipo rangi ya maji. Sehemu ya juu kabisa ya mdomo, panapopata joto kali, tuliweka rangi maalumu ya kuhimili joto. Hadi leo ni safi. Mwenye jiko la kuchomea nyama la tofali uani, mambo ni hayo hayo.

MkaziMbezi
Na wale wanaosema "tukichoka tutaitoa", waone kilichotokea mtaani kwetu. Mwenye nyumba alileta vijana na grainda kutoa rangi ya mafuta ili arudishe tofali. Waliitoa, na ule uso mgumu wa tofali ukatoka nao, maana moto wa tanuri ndio unaokaza ule uso. Ukipitisha kidole sasa, unapata vumbi jekundu. Ilibidi apige lipu nyumba nzima.

BintiKimara
Nimesoma kila neno, na ndugu zangu nimewasomea kwa sauti tukiwa na mama. Tumekubaliana hivi. Nje haipakwi. Mama amekubali maua yahamie upande wa geti, na udongo wa magharibi utachimbwa mpaka tuuone mkanda. Fundi bati atakuja kukagua gata. Sebuleni, ukuta mmoja tu, ule unaotazamana na dirisha, tutaupaka chokaa. Kaka yangu alitaka kuta zote nne, na mimi sikutaka hata mmoja, kwa hiyo kila mtu ameachia kidogo.

Fundi Brashi, hiyo chokaa naiandaaje?

FundiBrashi_Mbagala
Nunua chokaa ya ujenzi iliyokwishazimwa, ya mfuko. Ichanganye na maji iwe kama maziwa, iache ilale usiku mzima, kisha ichuje kwa kitambaa. Bandika kwanza nailoni niliyoisema. Ukuta ukiwa mkavu, ufagie, unyunyizie maji kidogo, ndipo upake mkono mwepesi sana. Ukipaka utaona kama hakuna kitu, usiogope, weupe unakuja ikikauka. Mikono mitatu myembamba ni bora kuliko mmoja mzito unaopasuka. Vaeni miwani na glavu, chokaa inaunguza macho, na watoto wasiwe karibu na ndoo.