Mrejesho: paka wa ugali na dagaa

Wakuu, niliuliza kama paka wa kilo 4 anaweza kuishi kwa ugali na dagaa tu. Mlisema hapana, na mrejesho ndio huu.

Chakula kikavu cha dukani sasa ndicho msingi: gramu 50 hadi 60 kwa siku, milo miwili. Kwenye mfuko tafuteni maneno ya "chakula kamili". Vingine ni vitafunio tu. Kubadilisha kulichukua siku 10, kuanzia robo ya kipya. Siku ya tatu aliharisha, maana robo iliruka kuwa nusu mapema mno. Kurudi kwenye robo kulitosha.

Dagaa bado wapo, kijiko kimoja, wamelowekwa kutoa chumvi na mchanga, kisha wakachemshwa. Supu haimwagwi: taurini, kirutubisho cha kwenye nyama na samaki, huyeyukia humo, na paka akiikosa moyo na macho huharibika. Kitunguu marufuku, hata harufu yake kwenye mchuzi isiwaponyoke. Huvunja chembe nyekundu za damu. Maini mara moja kwa wiki, kipande cha kidole gumba. Maziwa basi.

Akigoma kula siku mbili, hasa akiwa mnene, msisubiri: ini hujaa mafuta. Huyo ni wa daktari wa mifugo.